Nguo Zilizorudi Mbichi

Mabwerebwere, Kilosa
9 Juni 1974

Mpwa wangu Yudith,

Marahaba. Kosa wanalofanya watu wengi wanapoisimulia India ni kudhani kwamba nchi ile ilikombolewa na mzee mmoja aliyekaa chini akakataa kula, na mkoloni kwa kuona haya akafunga mizigo yake akaondoka. Wanafunzi wako wa Darasa la Saba hawakulianzisha kosa hilo, kwa hiyo usiwachape. Na yule aliyesema kwamba Mhindi anajua kupima sukari tu, hajapigania kitu maishani mwake, naye usimchape. Kasema alichokisikia nyumbani kwao.

Unasema kitabu cha shule kina kurasa mbili tu juu ya jambo hili, na unataka nikuongezee kwa kuwa nilikuwa kule na Keya, jeshi la Mwingereza. Nitakuongezea. Unajua mjomba wako akiombwa kueleza hahitaji kuombwa mara ya pili.

Yule mzee wa kufunga alikuwa mkubwa, simpunguzii. Lakini mtu mmoja akiacha kula, anayeumwa njaa ni yeye. Dola huanza kuumwa pale karani wa stesheni anapoacha kukata tiketi, na pale mama anapochemsha maji ya bahari apate chumvi yake mwenyewe huku polisi wanamtazama. Karani mmoja wa reli alinisimulia habari za mwaka 1942 huko Bengal. Bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini alitangulia mbele ya maandamano na bendera mkononi. Alipigwa risasi, akaendelea kutembea, akapigwa tena. Alipoanguka bendera ilikuwa bado imesimama. Baadaye watu wa wilaya ile wakajiundia serikali yao wenyewe, na baraza la kuamua kesi, wakagawa na nafaka kwa wenye njaa. Ilidumu karibu miaka miwili, mkoloni akiwa hapo hapo. Waeleze wanafunzi kwamba hao walikuwa wakulima, watu wa jembe kama baba zao.

Sasa nikupe niliyoyaona kwa macho yangu. Ilikuwa Februari 1946, vita vimekwisha, nasi tunangoja meli ya kuturudisha nyumbani. Kambi yetu ilikuwa Bihar, kando ya mji mdogo wa reli. Habari zikaja kwamba mabaharia wa Kihindi huko Bombay wamewagomea maofisa wao. Siku ya pili maduka ya mji wetu yakafungwa. Siku ya tatu ilikuwa siku ya dobi kurudisha nguo.

Dobi wetu alikuja na punda wake kama kawaida. Nguo zote zilikuwa zimekunjwa vizuri, kila mtu na fungu lake, hakuna soksi iliyopotea. Ila zilikuwa mbichi, zinachuruzika maji, na uchafu wake uleule. Alizichovya mtoni, akazikunja, akazirudisha. Nilipomwuliza, alisema: "Leo hapana sabuni, sahibu. Kesho pia hapana."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Unajua kwa nini? Nilidhani ni utani. Kwetu Ukaguru mtani anaweza kukumwagia majivu ukiwa umevaa kanzu ya Krismasi, nawe ukikasirika mkosaji ni wewe. Nikaona, huyu bwana ametuchagua kuwa watani wake, ametupiga bao. Nikamwambia anidai kuku. Hakujua nasema nini.

Hiyo inatosha kwa somo lako. Yaliyofuata ni mambo ya kambi tu, hayana faida kwa watoto.

Nampa barua hii Kasian, kondakta wa treni ya Kidatu. Mwulize pia habari za mguu wake.

Mjomba wako,
Cleopa Masingisa


Shule ya Msingi, Mikumi
16 Juni 1974

Mjomba,

Shikamoo. Mguu wa Kasian umepona, ila anachechemea akikumbuka kwamba watu wanamtazama.

Barua yako niliisoma mara mbili, kwanza kwa Darasa la Saba, kisha saa kumi jioni kwa watu wazima wa kisomo. Watoto walitekwa na yule bibi wa bendera. Kila mmoja alitaka kujua kama alikuwa na wajukuu. Watu wazima walimpenda dobi. Mzee Lupakisyo, yule Mnyakyusa aliyestaafu kazi ya reli, akasema: "Mwalimu, kumbe mjomba wako alivuka bahari kwenda kuvaa suruali mbichi." Darasa likavunjika mbavu kwa kicheko. Nikamwambia aandike sentensi hiyo ubaoni kama adhabu, akaandika, na aliikosea mahali pawili tu. Mwezi wa Januari hakujua hata kushika chaki.

Lakini Bibi Generoza hakucheka. Huyu ni mkunga wa huko juu, milima ya Vidunda, kitongoji cha Msolokelo. Hushuka kwa saa mbili kuja kusoma na hupanda tena siku hiyo hiyo. Akaniuliza, "Huyo mfua nguo, ikawaje?" Akasema, "Mwulize mjomba wako. Mtu aliyefanya jambo kama lile hawezi kuishia kwenye kicheko." Basi nakuuliza.

Habari za hapa ni Operesheni. Vitongoji vya juu vinashuka bondeni kuanzisha kijiji kimoja kando ya barabara kuu, na shule yetu itapata madarasa mawili. Nami nimefurahi. Nimechoka kuona akina mama wanajifungulia njiani. Watu wa Msolokelo tu ndio wanaotushangaza. Walishuka siku waliyoitwa, wakafyeka viwanja vyao, wakachomeka vigingi, wakafagia, na jua lilipoinama wakapanda wote kurudi kwao. Wiki iliyofuata wakafanya vilevile. Bwana Rafaeli, anayesimamia kuhama hapa kwetu, anasema huo ni mgomo na kuna watu wanne au watano wanaouongoza. Ameniomba orodha ndogo, kwa kuwa mahudhurio ya kisomo ninayo mimi. Jambo la kawaida.

Huyo huyo Bwana Rafaeli ameahidi kuniandikia barua ya kunipendekeza kwenda chuo Dar es Salaam, kozi ya miaka miwili. Niombee, Mjomba. Mama hajui bado.

Mpwa wako,
Yudith


Mabwerebwere, Kilosa
21 Juni 1974

Mpwa wangu Yudith,

Marahaba. Mwambie Mzee Lupakisyo kwamba suruali mbichi ni afadhali kuliko kulala miaka thelathini kando ya reli ukihesabu mataruma, na kwamba siku akija Kilosa nitamkaribisha chai isiyo na sukari.

Kuhusu dobi, sijui alivyoishia. Meli yetu ilikuja Machi. Watu wale walikuwa wengi, na jina lake limenitoka. Mwambie Bibi Generoza nasikitika.

Nikueleze badala yake habari za mabaharia, maana zinafaa kwa mtihani. Walianza kwa kulalamikia chakula kibovu na matusi ya maofisa. Katika siku chache meli nyingi zikafuata, kisha wafanyakazi wa viwanda vya Bombay wakaacha kazi kwa ajili yao. Hapo Waislamu na Wabaniani waliandamana pamoja, na bendera zao zikapandishwa mlingoti mmoja. Mamia ya watu waliuawa barabarani. Viongozi wakubwa wakawashauri mabaharia wasalimu amri, nao wakasalimu kwa uchungu. Mtu wa haraka atasema walishindwa. Lakini tangu siku ile Mwingereza alijua kwamba hata bunduki aliyompa Mhindi aishike haina hakika ya kumlinda. Mwaka uliofuata akaondoka. Wanafunzi wajifunze kwamba jambo linaweza kuonekana limeshindwa siku ya Jumamosi, na likawa ndilo lililoshinda.

Sasa nami nina swali. Orodha uliyoombwa ina safu ngapi? Nakuuliza kama mtu aliyetunza madaftari ya shule miaka ishirini na mitano. Orodha ya mahudhurio ina jina na tarehe. Orodha ya chanjo ina jina na umri. Kichwa cha safu ndicho kinachokuambia jina linapelekwa wapi. Niandikie vichwa vya safu, na maneno yenyewe aliyoyatumia Bwana Rafaeli. Tena uniambie Bibi Generoza yumo au hayumo.

Mjomba wako,
Cleopa Masingisa


Mikumi
25 Juni 1974

Mjomba,

Shikamoo.

Ni karatasi moja. Safu ni mbili: "Jina", na "Alilolisema". Bwana Rafaeli aliichora mwenyewe kwa rula, ofisini kwa mwalimu mkuu. Maneno yake yalikuwa haya:

"Dada Yudith, hawa wanakuamini. Wanapokuwa darasani wanaongea. Wewe niandikie nani anaongea zaidi."

Nikamwuliza watafanywa nini. Akasema, "Wataelimishwa."

"Wapi?"

"Si hapa."

Ni watu wanne, na Bibi Generoza ni wa kwanza, maana yeye ndiye huongea na wengine huitikia. Karatasi inatakiwa Jumatatu, tarehe moja.

Najua unachotaka kusema, na kwa heshima zote naomba nikutangulie. Bwana Rafaeli si Mwingereza. Hii si India. Serikali hii ni yetu, wewe mwenyewe ulinifundisha wimbo wake nikiwa sijaota meno ya mbele, na kadi yako ya TANU ni ya mwaka ambao mimi sijaanza shule. Wakulima wale walikuwa wanamkataa mtu aliyekuja kuwanyonya. Watu wa Msolokelo wanakataa kisima na zahanati. Je, kila anayekataa ni shujaa? Ukiwafundisha watoto hivyo, kesho nani atafagia darasa? Bwana Rafaeli halali usingizi. Wakubwa wake wanamwuliza kila wiki kwa nini kitongoji kimoja kinazunguka kama ng'ombe aliyesahau zizi.

Na kozi ile, Mjomba, ni nafasi moja kwa tarafa nzima.

Kitu kingine. Mtoto mmoja, Siwema, ameniuliza jina la dobi. Nikamwambia mjomba wangu amelisahau. Lakini tangu nimjibu hivyo sina raha. Wewe unakumbuka majina ya punda wote wa misheni ya Berega, na yupi alimuuma askofu. Unakumbuka mstari na ukurasa. Lile shati la kaki lililo ndani ya sanduku lako, ambalo tulikatazwa kuligusa, lina alama ya wino kwenye kola, nukta tatu na mstari. Nilipokuuliza nikiwa mdogo ulisema, "Hiyo ni alama ya dobi," ukafunga sanduku.

Jina gani hilo linalokutoka wewe?

Mpwa wako,
Yudith


Mabwerebwere, Kilosa
27 Juni 1974

Yudith,

Barua yako ilifika jana jioni, na leo nimeamka kabla ya muadhini nikuandikie. Jina halikunitoka. Nilikudanganya, nawe umenikamata kama ninavyopenda mwanafunzi amkamate mwalimu wake.

Dobi yule hakujua kusoma. Alikuwa na kikombe cha wino, na kila askari alimpa alama yake kwenye kola. Yangu ndiyo ile ya nukta tatu na mstari. Nguo za kikosi chetu chote alizitambua kwa alama hizo, na kwa miezi mitano hakukosea hata moja.

Siku ile ya nguo mbichi, kapteni wetu alikuja tukiwa bado tunacheka. Akauliza kwa utulivu kabisa, "Nani aliyeanza huu mchezo?" Madobi walikuwa zaidi ya arobaini, na wote walirudisha mbichi. Hakuna aliyejua wa kwanza ni yupi, ila mimi, maana nilikuwa zamu ya lango na nilimwona dobi wetu akiwagawia wengine maneno. Yudith, nikamtaja. Nilimtaja nikicheka. Nikasema, yule mwenye punda aliyekatika sikio, anaitwa fulani, ni bingwa, ametushinda. Unajua kwetu ilivyo: mtani akikuweza unamtaja hadharani, unatangaza jina lake kilabuni na kanisani, hiyo ndiyo sifa yake. Nilidhani kapteni atacheka, ampe kuku. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesoma hadi darasa la nane, najua Zaburi kwa moyo, na sikujua kwamba utani ni wa watu walio sawa.

Walimchukua asubuhi. Alichapwa viboko mbele ya lango, mji mzima ukitazama, na sisi tumepangwa mraba na bunduki zetu. Hakutaja wenzake. Alipoinuliwa alinipita karibu, kama ulivyo mbali ubao na dawati la kwanza. Alinitazama kolani. Hakunitazama usoni; alitazama alama yake. Kisha wakampeleka jela ya wilaya.

Wiki iliyofuata ilikuwa tena siku ya nguo. Kapteni alikuwa na hakika kwamba mchezo umekwisha. Wakaja madobi wote, na punda zao wote. Nguo zikawa mbichi.

Za kwetu aliziteremsha mke wake, kwenye punda yule yule. Alitugawia moja moja kwa kutazama kola. Alipofika kwangu alijua mimi ni nani. Mji ule ulikuwa mdogo. Shati langu lilikuwa mikononi mwake. Angeweza kulichana. Angeweza kulitupa mtoni na kusema limepotea, nami ningestahili. Alinipa likiwa limekunjwa, limejaa maji, halikukosa kifungo. Ndilo lile la sandukuni. Sikulivaa tena.

Maishani mwangu sijapata kuona ujasiri unaolizidi jambo lile, na nimeona watu wakikimbilia bunduki za Wajapani. Bunduki unaikimbilia kwa sababu huna nafasi ya kufikiri. Mama yule alikuwa na nafasi. Alikuwa na njia nzima kutoka mtoni.

Umesema Rafaeli si Mwingereza, na Mikumi si India. Ni kweli. Serikali hii ni yangu, na kadi sitairudisha. Sikulinganisha Rafaeli na kapteni. Nilikulinganisha wewe na mimi.

Si kila anayekataa ni shujaa, hapo pia umesema kweli. Lakini hujaniambia kwa nini watu wa Msolokelo wanakataa. Katika barua zako mbili umeniandikia wanachofanya, wanaongozwa na nani, na Rafaeli halali vipi. Sababu yao haimo. Hukuuliza. Kapteni naye hakuuliza. Alitaka jina, nami nikampa. Mkoloni akipewa jina bila sababu hapotezi kitu, kwani sababu haimhusu. Serikali yako mwenyewe ikipewa jina bila sababu, umeipofusha.

Umeniambia karatasi ina safu mbili. Ukiweza, usimpe Rafaeli ile ya kwanza.

Kozi ni kitu kikubwa. Sitasema ni kidogo ili iwe rahisi kwako. Amua wewe. Mimi nimekwisha kuamua zamu yangu, vibaya, langoni.

Mjomba wako,
Cleopa


Mikumi
6 Julai 1974

Mjomba,

Shikamoo.

Ijumaa nilipopata barua yako sikufundisha kisomo. Niliomba ruhusa nikapanda Msolokelo na Bibi Generoza. Saa mbili kwa miguu yake, tatu kwa yangu. Njiani nikamwuliza kwa nini hawashuki. Alisimama, akanitazama kama mtu aliyengoja treni ikaja siku ya tatu.

"Mwalimu," akasema, "wewe umezaliwa Berega. Hujui baridi ya huku?"

Mahindi yao hayajakauka, Mjomba. Ndiyo sababu nzima. Huku bondeni tumevuna, magunia yamo ndani, na ratiba ya Operesheni ilipangwa na watu waliotazama mashamba ya kando ya barabara. Kule juu mahindi yanachelewa kwa miezi miwili. Punje bado zina maziwa. Wakishuka sasa, nguruwe na nyani watavuna, nao wataanza kijiji kipya kwa kuomba unga. Hawakatai kisima. Wamekwisha kugawana nani atajenga karibu na kisima. Ndiyo maana walifyeka viwanja na kufagia: waonekane wanakuja. Nikamwuliza kwa nini hawakusema. Akasema walisema mara tatu, kwa watu watatu, na kila aliyeambiwa aliandika majina yao.

Jumatatu nilipeleka karatasi. Niliikunja mara mbili, kingo kwa kingo. Safu ya "Jina" ilikuwa tupu. Chini ya "Alilolisema" niliandika: "Mahindi hayajakauka. Tunaomba hadi mwisho wa Agosti." Kando yake nikaweka suke moja la mahindi ya Msolokelo, mezani.

Bwana Rafaeli alipitisha kidole kwenye ile safu tupu. "Dada Yudith, hujaandika kitu hapa."

"Nimekurudishia karatasi yako, Bwana Rafaeli. Haikupotea."

"Unajua nami nina wakubwa."

"Ndiyo sababu nimekuletea suke. Uwapelekee."

Alikasirika, sitakuficha. Alisema mwalimu kijana anayeficha watu hafai kupelekwa mbali akaharibu wengine. Barua ya kozi amemwandikia mwalimu Katarina wa shule ya jirani. Katarina ni mwalimu mzuri. Nililia kidogo, nikaosha uso, nikafundisha hesabu.

Lakini Jumatano alipanda Msolokelo peke yake. Mzee Lupakisyo alimwona akishuka jioni, viatu mkononi, na anasema alikuwa na mabua kwenye soksi. Bibi Generoza anasema hakuhutubia. Aliingia shambani, akamenya mahindi, akayabonyeza kwa kucha, moja baada ya jingine, akaenda shamba la pili akafanya vilevile. Kwenye shamba la nne akaketi juu ya kisiki akaomba maji. Jana likatolewa tangazo kwamba Msolokelo watashuka tarehe thelathini na moja Agosti, baada ya mavuno. Tangazo halisemi kwa nini. Jina la mtu halimo, wala langu. Bado hanisalimu, ila ameniletea chaki boksi mbili, akaziacha mlangoni.

Nilimsomea Bibi Generoza barua yako yote, hata pale pa viboko. Unisamehe. Aliuliza neno moja tu kuhusu mke wa dobi: kama alikuwa na watoto wakati ule. Halafu akasema, "Mwambie mjomba wako yule mfua nguo bado anangoja kwenye lango lilelile. Amtoe."

Sikuelewa vizuri. Nadhani wewe utaelewa.

Siwema naye hajaacha kuuliza.

Mpwa wako,
Yudith


Mabwerebwere, Kilosa
10 Julai 1974

Yudith mwanangu,

Marahaba, mara saba. Kozi itakuja mwaka mwingine, au isije. Mama yako nimemweleza mwenyewe, naye akachinja jogoo. Mimi leo nimelitoa shati sandukuni, nimelianika uani, na majirani wanauliza limetoka wapi. Nawaeleza. Unajua sihitaji kuombwa mara mbili.

Bibi Generoza ameona mbali kuliko mimi niliyesoma. Jina lile nililitaja mara moja tu maishani, mbele ya kapteni, na kwa miaka ishirini na minane nikadhani kulinyamazia ndiyo toba. Kumbe nilikuwa namwacha pale pale nilipomtaja. Watoto wa Siwema, wakija kusoma habari za India, watamkuta yule mzee wa kufunga, naye anastahili. Nataka wamkute na huyu.

Mke wake sikupata kulijua jina lake. Waambie hivyo, wajue kwamba tumempoteza kwa uzembe wangu.

Kasian anaondoka na treni ya asubuhi, kwa hiyo barua itakuwa mikononi mwako kabla ya saa kumi. Leo, watakapokuwa wameketi wote, wakubwa na watoto, chukua chaki ya Bwana Rafaeli uandike ubaoni, kwa herufi kubwa ambazo Mzee Lupakisyo anaweza kuzisoma kutoka nyuma: BUDHAN RAJAK, DOBI.

Mjomba wako,
Cleopa Masingisa